Kutoka Kidato cha Sita hadi Fizikia ya Chuo Kikuu: Je, Mwalimu wa Shule ya Msingi Anahusika?

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita unapomalizika mwezi Mei, mitaa ya Jangwani na Kariakoo hupokea kundi la vijana ambao kwa mara ya kwanza tangu utotoni hawana kengele ya kuwaita. Baadhi yao wametoka katika shule ya sekondari ya wasichana ya Jangwani, au kwa majirani zao wavulana wa Azania. Wengine wamerudi kwa wazazi wao kutoka shule za bweni za mikoani. Miongoni mwao wamo wachache waliosoma Fizikia na Hisabati, na ambao wametia nia ya kusoma shahada ya Fizikia. Matokeo hutolewa yapata Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata kwa wale wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa, kwa utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, hubaki wiki kadhaa zisizo na ratiba yoyote.

Makala haya yanazungumzia wiki hizo. Huenda mwalimu-mwanafunzi akauliza jambo hili linaingiaje katika jarida la ufundishaji wa shule za msingi. Jibu langu ni kwamba linatuhusu mara mbili. Kwanza, kijana huyo alianza kuandaliwa katika madarasa yetu, pale alipoambiwa kwa mara ya kwanza aupinde mkono wake na kuutazama kama wenzo. Pili, anaporudi mtaani, mwalimu aliye karibu naye kuliko wote ni yule wa shule ya msingi. Wahadhiri wako Mlimani, na walimu wake wa sekondari wamekwisha kupokea darasa jingine. Mzazi anayetaka ushauri humwendea mwalimu wa mtoto wake mdogo. Wengi wenu mtaulizwa swali hili kabla hamjatimiza miaka miwili kazini, na jibu mtakalolitoa laweza kumfaa kijana au kumpotezea nafasi ambayo familia nzima imeihangaikia.

Maoni yangu ni haya: maandalizi mema ya shahada ya Fizikia si kuuanza mwaka wa kwanza kabla ya wakati wake. Ni kuyafanya mambo matatu ambayo shule, kwa haraka ya mitihani, haikuyapa nafasi ya kutosha. Mambo hayo ni kufanya hisabati kwa mkono mpaka izoeleke, kupima vitu halisi, na kueleza maarifa kwa Kiswahili mbele ya watu wasioyajua. Hilo la tatu haliwezekani vizuri bila msaada wetu sisi walimu.

MAKOSA MAWILI YA KAWAIDA

Kosa la kwanza ni kuacha vitabu kabisa mpaka siku ya kuripoti chuoni. Kupumzika ni haki ya aliyechoka, lakini hisabati ni kama panga: lisipotumiwa hushika kutu. Kosa hili linajulikana, nami sitalirefusha.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu husifiwa. Kijana hutafuta vivuli vya mihadhara ya mwaka wa kwanza, huvilipia kwa fedha ambazo nyumbani zingenunua unga, kisha huvikariri. Wazazi humwona akiinama juu ya makaratasi hadi usiku, nao hufarijika. Msichana mmoja wa mtaa wetu, mwenye alama nzuri, alinionyesha daftari mbili alizozinakili kwa namna hiyo. Alikuwa ameandika mlinganyo wa penduli, yaani jiwe lililoning'inizwa kwa uzi, bila kukosea hata herufi. Nikamwuliza: uzi ukirefushwa mara nne, muda wa jiwe kwenda na kurudi utaongezeka mara ngapi? Akaurudia mlinganyo. Nikauliza tena kwa maneno mengine, akaurudia tena. Tukafunga kokoto kwenye uzi wa mita 1, tukahesabu kwenda na kurudi mara 10; ilichukua takriban sekunde 20. Tukaufupisha uzi hadi sentimita 25. Ikawa takriban sekunde 10. Ndipo alipofungua daftari lake na kuweka kidole juu ya alama ya kipeuo cha pili, akasema, "Kumbe ilikuwa hapa."

Msichana yule hakuwa mvivu, wala hakuwa mzito wa akili. Alikuwa amejiandaa kwa mtihani ambao hautakuja. Chuo kikuu hakitamwomba auandike mlinganyo ule. Kitampa jambo asilowahi kuliona, na kumtaka alifikie kwa kuanzia kwenye kanuni chache anazozijua. Mihadhara ile ile aliyoikariri atapewa tena bila shida, tena na mtu anayeielewa. Lakini hakuna mhadhiri mwenye muda wa kumpa wepesi wa mkono katika hisabati, wala mazoea ya kuuliza mlinganyo unasema nini. Hayo ni lazima aende nayo.

HISABATI YA MKONO

Shahada ya Fizikia, iwe ya Dar es Salaam au ya kwingineko duniani, hujengwa juu ya mambo yanayofanana: mekanika, umeme na usumaku, joto, mitetemo na mawimbi, kisha mambo ya atomu. Yote hayo huandikwa kwa lugha ya aljebra, trigonometria, vekta na kalkulasi. Mhadhiri anapoandika ubaoni, huruka hatua tatu au nne akiamini kwamba msikilizaji atazijaza mwenyewe kichwani. Mwanafunzi anayekwama katika kila hatua hupoteza hoja nzima, na baada ya wiki chache hukata tamaa akidhani kwamba ni Fizikia iliyomshinda. Iliyomshinda ni hisabati, na huenda ni ile ya kidato cha nne.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa kijana ni huu: asitafute kitabu kipya. Achukue vitabu vyake vya kidato cha tano na cha sita, na kila siku afanye maswali kumi bila kutazama majibu. Achore grafu kwa penseli. Kila anapopata jibu ajiulize maswali mawili: je, vizio vyake ni sahihi? Na je, ukubwa wake unaaminika? Mtu anayekokotoa kasi ya mkokoteni na kupata mita 300 kwa sekunde, kisha akapiga mstari chini ya jibu kwa furaha, bado hajaanza kusoma Fizikia. Kama nyumbani hakuna utulivu, Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo imekuwa ikiwahudumia wasomaji tangu mwaka 1967, inafikika kwa miguu kutoka Jangwani.

Vijana wa leo watasema kwamba masomo yote yamo katika simu. Ni kweli kwamba mengi yamo, na mengine ni mazuri sana. Lakini kumtazama fundi akiranda mbao hakumpi mtazamaji ustadi wa kushika randa. Kila saa moja ya kutazama na ifuatwe na saa mbili za kuandika.

Hapa nataka kusema nasi wenyewe. Katika kuwasahihishia vijana wa mtaani nimeona mara nyingi kwamba anayekwama katika kalkulasi amekwama kwanza katika sehemu na uwiano. Hajui kwa uhakika kwa nini kugawanya kwa nusu huongeza, wala kwa nini uzi uliorefushwa mara nne hauleti muda mara nne. Mambo hayo yamo katika mihtasari yetu ya shule ya msingi. Tunapoyafundisha kwa kumpa mtoto kanuni ya "geuza halafu zidisha" bila kumpa kipande cha mkate akigawe, tunaweka chini ya nyumba yake jiwe litakaloteleza miaka kumi baadaye, naye hatajua ni nani aliyeliweka.

SOKO KAMA MAABARA

Jambo la pili ni kupima. Wanafunzi wengi wa sekondari hupata saa chache za maabara, na nyingi kati ya hizo hutumiwa kufanya mazoezi ya mtihani wa vitendo, ambamo jibu linalotazamiwa linajulikana. Chuo kikuu humtaka mwanafunzi apime asichokijua na aseme kipimo chake kinaweza kuwa na kosa kiasi gani. Kijana anayeishi Jangwani hana udhuru wa kukosa vitu vya kupima, maana amezungukwa na maabara ambayo haifungwi.

Chukua mizani ya mikono miwili, ile yenye sahani mbili na mawe ya kupimia. Wote tunajua malalamiko ya wanunuzi kwamba mizani fulani inaiba. Tuseme mkono mmoja wa mizani ni mrefu kidogo kuliko mwingine. Mnunuzi anaweka mchele katika sahani ya kushoto, na mawe yanasoma kilo 1 kamili. Anauhamishia mchele ule ule sahani ya kulia, na mawe yanasoma kilo 1 na gramu 210. Kipimo cha kweli ni kipi? Wengi watajumlisha na kugawanya kwa mbili, wapate kilo 1 na gramu 105. Lakini kanuni ya wenzo inasema kwamba mzigo mara urefu wa mkono wake husawazika na mzigo wa upande wa pili mara urefu wa mkono wake. Ukiandika milinganyo miwili ya upimaji ule na kuizidisha pamoja, urefu wa mikono unafutika, na kinachobaki ni kwamba kipimo cha kweli ni kipeuo cha pili cha 1 mara 1.21, yaani kilo 1 na gramu 100 barabara. Kijana wa kidato cha sita anazo zana zote za kulitatua swali hili, lakini huenda hajawahi kuulizwa. Mtoto wa darasa la tano hawezi kutafuta kipeuo kile, lakini anaweza kugundua kwamba mizani isiyo ya haki hujifichua mtu anapobadilisha sahani. Somo ni moja, nao wanalipokea kila mmoja kwa kadiri yake.

Au litazame paa la soko lenyewe. Soko kuu la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kitanzania, na kujengwa katika miaka ya 1970. Paa lake la zege liliundwa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, ili mvua ikusanyike katikati na kushuka kupitia nguzo. Moto wa Julai 2021 uliliharibu soko hilo, lakini fikra iliyomo katika paa lile haikuungua. Mwambie kijana akadirie: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 50 juu ya mwavuli wenye mita za mraba 100 italeta lita 5,000, ambazo tungamo lake ni tani 5. Nguzo yapaswa kuubeba mzigo gani, na maji hayo yapaswa kushuka kwa kasi gani, ili paa lisijae?

Hesabu hiyo hiyo ikipelekwa bondeni inakuwa nzito zaidi. Milimita 50 za mvua juu ya kilometa 1 ya mraba ni tani 50,000 za maji, na Mto Msimbazi hukusanya maji ya kilometa nyingi za mraba kabla ya kupita chini ya Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Wakazi wa bonde wanaikumbuka Desemba 2011, ambapo nyumba zilifunikwa, na baada yake baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Miaka iliyofuata, karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa katika bonde hilo hilo ilifurika zaidi ya mara moja. Watakaosema daraja liinuliwe kiasi gani, na maji yapewe nafasi kiasi gani, ni watu waliojifunza kukadiria kabla ya kujenga. Ningependa baadhi yao wawe ni watoto waliokulia humo, wanaojua kwa miguu yao maji yalifika wapi.

Kuna pia mafundi. Kijana akiomba kukaa wiki chache katika karakana ya kuchomelea huko Gerezani, au kwa fundi wa simu na redio wa Kariakoo, atajifunza mambo ambayo kitabu huyataja kwa mstari mmoja: kwamba chuma kikipata joto hurefuka na kuliharibu geti lililopimwa vizuri; kwamba waya mwembamba huungua pale mnene unapostahimili; kwamba chombo cha kupimia umeme husema uongo kikiunganishwa vibaya. Naye aende na hesabu zake. Betri ya simu yenye volti 3.7 na uwezo wa milliampea-saa 4,000 ina nishati ya takriban jouli 53,000. Nishati hiyo, kama ingetumika yote bila kupotea, ingeliinua gunia la kilo 50 kwa zaidi ya mita 100. Fundi hatajua hesabu hiyo, na kijana hatajua kuifungua simu. Kila mmoja atakuwa mwalimu wa mwenziwe.

KUELEZA KWA KISWAHILI

Nafika katika jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Mtoto wetu katika shule za serikali husoma Sayansi kwa Kiswahili mpaka amalize shule ya msingi, kisha husoma Fizikia kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba vijana wengi wana akili ya ghorofa mbili zisizo na ngazi. Ghorofa ya chini wanazo hisia na maneno ya nyumbani kuhusu uzito, joto na mwendo. Ghorofa ya juu wanazo fasili za Kiingereza walizozikariri. Swali la mtihani likiwa la kawaida, fasili zinatosha. Swali likiwa geni, kijana hana pa kukanyagia.

Dawa yake ni kumtaka ashuke na kupanda. Mwambie aeleze kwa Kiswahili, kwa mtoto wa darasa la sita, tofauti ya tungamo na uzito, ilhali sokoni husemwa "uzito wa kilo mbili". Mwambie aeleze neno mwendokasi. Katika vitabu vya sayansi neno hilo hutaja kipimo cha kwenda. Lakini tangu mabasi yaendayo haraka yaanze kazi mwaka 2016, mtoto wa Jangwani anapolisikia huona basi. Mtoto atauliza kwa haki: mwendokasi uliosimama kituoni una mwendokasi gani? Atakayeweza kulijibu swali hilo bila kumcheka mtoto, na kisha kuonyesha kwamba basi linalozunguka kona bila kupunguza kasi bado limebadilisha mwendo wake kwa sababu limebadilisha mwelekeo, huyo ameanza kuielewa mekanika.

Au aeleze neno kazi. Fizikia husema kwamba mchukuzi aliyesimama tuli na gunia begani haifanyii mzigo kazi yoyote, kwa kuwa gunia halisogei. Nendeni mkalisema hilo Kariakoo mbele ya mchukuzi mwenyewe! Mtoto atabisha, na ubishi wake ni wa maana. Kijana atalazimika kufikiri jasho lile linatoka wapi, na kueleza kwamba misuli hujikaza na kutumia nishati ndani ya mwili hata kama gunia halipandi. Hapo atakuwa ametenganisha mambo mawili ambayo fasili aliyoikariri ilimruhusu kuyachanganya. Watoto wetu ni watahini wakali, maana hawajajifunza kukubali neno kwa sababu tu limetamkwa na mkubwa.

SWALI LILILOTOKA JIKONI

Kama kuna mwalimu anayetilia shaka nguvu ya swali la mtoto, na aukumbuke mfano wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji ya kugandishia. Siku moja, akihofia kukosa nafasi, aliyatia yake yakiwa ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na kufanyiwa mzaha. Ndipo Dk. Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba akasimama na kuuliza: vyombo viwili sawa, vyenye maji kiasi sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100 za Sentigredi, vikiwekwa pamoja kugandishwa, kwa nini kile cha nyuzi 100 hutangulia? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, akataka jambo hilo lijaribiwe katika maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Uingereza linalohusu ufundishaji wa Fizikia.

Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walichapisha vipimo vyao na kusema kwamba hawakuupata ushahidi wa kutosha wa maji ya moto kutangulia kupoa. Kwetu sisi walimu ubishi huo haulipunguzii swali thamani. Unaiongeza, maana swali lililoulizwa na mvulana wa shule bado linawashughulisha watu wazima wenye vyombo vya gharama. Lakini kuna jambo jingine la kutafakari. Wakati makala yale yanachapishwa, Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, kazi yenye heshima na manufaa. Swali lake lilifika katika maabara ya Fizikia. Mwenye swali alishika njia nyingine. Sijui kama kuna aliyemwonyesha kwamba udadisi ule ulikuwa ndio maandalizi yenyewe ya shahada. Najua tu kwamba katika madarasa yetu maswali ya namna hiyo huulizwa kila wiki, na kwamba jibu la kwanza hutoka kwetu.

PENDEKEZO

Katika historia ya nchi hii, muda kati ya kidato cha sita na chuo kikuu haukuwa siku zote muda mtupu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na shida zake, ukalegezwa, na sasa haupo. Siombi urudishwe. Lakini fikra iliyokuwa ndani yake, kwamba elimu ya juu humfaa zaidi mtu aliyekwisha kuwatumikia wengine kwa kile anachokijua, haikustahili kutupwa pamoja na utaratibu.

Napendekeza, basi, kwamba kila shule ya msingi ambamo wanachuo wetu hufanya mazoezi ya kufundisha iwaalike wahitimu wa kidato cha sita wa mtaa wake, waliosoma masomo ya sayansi, kushiriki somo moja la Sayansi au Hisabati kila wiki. Mwalimu abaki kuwa mwenye darasa na mwenye andalio la somo. Kijana aje na kitu kimoja cha kupima na jambo moja la kueleza. Mwalimu-mwanafunzi atapata mtu anayelijua somo kwa kina. Kijana atapata watahini arobaini. Na watoto watamwona mtu wa mtaa wao, mara nyingine msichana aliyekaa madawati yale yale, anayekwenda kusoma Fizikia. Hilo la mwisho nalihesabu kuwa zana ya kufundishia isiyoweza kununuliwa.

Yapo mapingamizi, nami nitataja mawili. La kwanza ni kwamba vijana hawa hawana mafunzo ya ualimu. Ni kweli, na ndiyo maana darasa halitaachwa mikononi mwao. Mwalimu mkuu awajue, na mwalimu awepo muda wote. La pili ni zito zaidi: vijana wengi wa Jangwani hawana muda mtupu. Huwasaidia wazazi kuuza vitenge, kupika maandazi alfajiri, au kulea wadogo zao, na msichana hudaiwa kuliko mvulana. Kwao saa moja kwa wiki si jambo dogo. Hapa mwalimu anaweza kufanya kile ambacho kijana hawezi: kwenda kuzungumza na mzazi, na kumweleza kwamba saa ile si mchezo, bali ni sehemu ya safari ya chuo kikuu. Neno la mwalimu wa shule ya msingi bado lina uzito katika nyumba zetu; tulitumie.

Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii hakikuanzia kilimani. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, katika mtaa ambao leo huitwa Lumumba, kwenye ukingo wa Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kati ya jengo lile na madawati ya shule zetu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa mtoto wa mchuuzi umbali huo waweza kuwa mrefu sana, na hufupishwa na mtu mmoja mmoja anayekubali kutembea naye.

Mzazi atakapowauliza, ndugu walimu-wanafunzi, binti yake anunue kitabu gani kabla ya kwenda kusoma Fizikia, mwelekezeni kwenye vitabu alivyo navyo, kwenye mizani ya jirani, na kwenye darasa lenu siku ya somo la Sayansi. Watakaolijaribu pendekezo hili katika mazoezi ya kufundisha ya muhula ujao na waandike katika kurasa hizi wameona nini, hasa pale litakaposhindikana, ili wenzao wanaofuata waanze mbele kidogo kuliko wao.